Mkaa wa Mdogo Wangu

Nilifika porini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, nikiwa na magunia matupu arobaini, mabunda mawili ya kamba na sindano tatu za kushonea magunia. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu ndizo ninazoweza kuziapia. Mengine nitayasimulia kama yalivyotokea, na anayetaka kucheka acheke.

Mama ndiye aliyenituma. Tuna ghala la mkaa mjini, chumba kimoja cha matofali karibu na soko, chenye mlango wa bati na kidirisha kimoja juu kabisa, chini ya dari. Mbele tunauza kwa ndoo na kwa makopo. Nyuma magunia yamepangwa mpaka juu. Kwa miaka minne mkaa wetu wote ulikuwa ukiletwa na mdogo wangu. Aliacha shule katikati, akaingia porini, akanunua kwa wachomaji wenyewe bila dalali, akalala chini ya turubai, akarudi na lori. Mkaa wake ulikuwa mgumu na mzito. Ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Wateja walikuja mpaka mlangoni wakaniuliza mimi, niliyeshika ndoo mkononi, kama mkaa wa mdogo wangu upo. Hawakusema mkaa wenu. Walisema mkaa wa mdogo wako.

Mama alimwita Mboni, kwa maana ya mboni ya jicho lake. Mimi aliniita Msomi. Nilikuwa na shahada ndani ya bahasha na miaka miwili bila kazi, na kila mama alipolitamka jina hilo mbele ya wateja walicheka kidogo, naye akacheka, nami nikacheka. Mtu hujifunza.

Mwezi ule kifua cha mama kilikuwa kimeharibika kwa vumbi, na daktari alikuwa amemwambia atoke ghalani. Akaniarifu, huku akimenya viazi, kwamba Mboni akirudi na mzigo huu atakabidhiwa ufunguo asimamie yeye. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayesema huenda kesho mvua ikanyesha. Aliyelifagia ghala lile kila asubuhi ni mimi. Aliyemshika mkono kwenye foleni za hospitali ni mimi. Nikamwambia ni uamuzi mzuri. Kisha nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Naomba nieleweke. Sikulitaka ghala. Nilitaka mama anitazame mimi, japo mara moja, kwa yale macho aliyomtazamia mwenzangu akishuka kwenye lori, mweusi tiii kuanzia nywele mpaka kucha.

Basi Mboni akapiga simu kwamba magunia yamemwishia, na mama akaniambia nipande lori nimpelekee. Dereva wetu tulimwita Breki, kwa sababu watu walidai hanazo. Njia nzima alinitania. Aliniuliza kama chuoni walitufundisha kushona gunia, na kama hawakutufundisha basi nirudi nikadai ada yangu.

Mboni alinikumbatia nilipofika. Alinuka moshi na jasho. Alikuwa amekonda na bado alipendeza, na hilo nalo lilinichoma. Mchomaji alikuwa mwanamume wa makamo asiye na nyusi hata unywele mmoja, ndiyo maana wote walimwita Bila Nyusi. Alimwita mdogo wangu bosi, akamwambia bosi, mgeni wako apewe kiti, na wakacheka wote wawili kwa sababu kiti chenyewe kilikuwa kisiki.

Halafu nikaliona tanuru.

Lilikuwa tuta la udongo lenye urefu wa hatua kumi na mbili, likinifika kifuani, na ubavuni lilikuwa na matundu madogo yaliyozibwa kwa majani. Ndani yake magogo yalikuwa yameungua polepole kwa siku tisa bila kuiona hewa. Pande zote, mbali kadiri jicho lilivyofika, hapakuwa na mti uliosimama. Ni visiki tu.

Tanuru hufunguliwa jioni. Mboni alinieleza hilo kwa subira, kama mwalimu, na subira yake iliniudhi. Mchana huwezi kuona kaa lililo hai. Gizagiza likiingia unaliona likimetameta, unalimwagia maji. Ukilisahau moja tu, likaingia ndani ya gunia, lori zima linaweza kuungulia barabarani.

“Na kitu kingine, dada,” akasema, akishusha sauti. “Kabla ya kufungua, huwa tunaulizwa mkaa ni wa nani. Jibu wa mwenyewe. Basi. Usitaje mtu.”

Nikamuuliza mwenyewe ni nani.

“Sijui. Ndivyo tunavyojibu.”

Nikamuuliza, na mtu akitajwa je?

Alitazama pembeni. Akasema wachomaji hawapendi swali hilo, na kwamba miti ile haikupandwa na mtu yeyote, kwa hiyo si vizuri mtu kusema yake. Kisha akachukua ndoo mbili, Bila Nyusi akachukua mbili, wakateremka bondeni kuchota maji. Breki alikuwa chini ya lori, mbali kidogo, akigonga kitu. Niliachwa peke yangu na tanuru, nikaambiwa nisiliguse.

Niliwasikia wakicheka njiani. Kicheko cha mdogo wangu kilichelewa kwisha.

Jua lilizama. Nyundo ya Breki ikanyamaza.

Tanuru likakohoa.

Sina neno jingine. Udongo ulipanda kidogo ukashuka, kama kifua. Nikajiambia ni mvuke. Nilisoma mambo hayo. Najua kwamba kilichofungiwa kwenye joto hutafuta pa kutokea.

Kisha nikasikia harufu. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa harufu ya mti mbichi, mti uliopasuliwa sasa hivi, utomvu ukiwa bado unatiririka... mahali ambapo hapakuwa na mti.

“Mkaa huu ni wa nani?”

Sauti ilitoka upande wa pili wa tanuru. Haikutisha. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, taratibu, yenye adabu. Nilidhani Bila Nyusi amerudi kwa njia nyingine.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nimeambiwa dakika kumi zilizopita.

Nikasema, “Wa mdogo wangu. Mboni. Kila kitu ni chake.”



Halafu nikawaona. Mboni mbele, Bila Nyusi nyuma, wote wawili, wakipanda kutoka bondeni na ndoo zao nne. Nikazunguka tanuru mbio. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa laini, umesawazishwa kwa koleo, na haukuwa na hata alama moja ya mguu.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilijibu vile kwa sababu siamini mambo ya porini. Lakini asiyeamini hajali atoe jibu lipi. Mimi nilichagua.

Bila Nyusi alipiga tanuru kwa mpini wa jembe mara tatu, akauliza swali lake, nasi tukajibu sote kwa pamoja kwamba ni wa mwenyewe. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Alinitazama. Kisha wakafungua, wakaanza kuvuta mkaa kwa reki, na Mboni akapita huku na huku na ndoo yake akizima makaa yaliyo hai. Sikumwambia Mboni nilichojibu. Nilifikiri nikisema ataniuliza kwa nini, na nitalazimika kumjibu.

Kesho yake tulijaza na kushona magunia mchana kutwa. Sindano ilinichoma kidole mara mbili. Mboni alishona magunia matatu kila niliposhona moja, akafumua baadhi ya mshono wangu akaurudia, kimyakimya, akidhani sioni. Niliona. Wivu hauna likizo.

Tukaondoka saa moja jioni. Breki na mimi tulikaa mbele. Mboni alipanda juu ya magunia, kama alivyofanya siku zote, kwa sababu mwenye mzigo hukaa na mzigo. Kwenye miinuko lori hutambaa na wezi hukata kamba. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolitunza kwa safari ya kurudi. Alinipungia mkono.

Baada ya saa nzima Breki alisimamisha lori. Kulikuwa na kamba imekatiza barabara na kibanda kando, taa ikiwaka ndani. Akalaani kidogo, akasema wiki iliyopita kizuizi hiki hakikuwapo, akachukua kibali akashuka. Nilimwona akiingia kibandani.

Mtu alikuja kwenye dirisha langu.

Sikuiona sura yake. Taa za lori zilimulika mbele, na yeye alisimama pembeni, mrefu, kichwa chake kikiwa juu zaidi ya paa la gari, kwa hiyo nilichokiona ni kifua na mikono. Mikono ilikuwa na mikunjo mingi sana. Nilijiambia ni ofisa wa misitu. Nilijiambia maofisa wote wana mikono.

Halafu harufu ikaingia. Mti mbichi.

“Mkaa huu ni wa nani?” akauliza, kwa upole uleule.

Ni swali la kawaida. Huulizwa kwenye kila kizuizi, kila siku, kwa kila lori. Jibu lake lingekuwa neno moja. Ningesema wangu, yangekwisha, au yangenipata mimi. Nilijua. Nataka iandikwe kwamba nilijua. Juu ya kichwa changu nilimsikia Mboni akijigeuza kwenye magunia, akipiga miayo. Nikamwona mama akimenya viazi. Nikauona ufunguo.

“Nimeshasema,” nikanong’ona.

Alingoja kidogo. Alikuwa mvumilivu, kama mtu anayempa mtoto muda wa kufikiri.

Kisha akapanda.

Nilimsikia akipanda ubavuni mwa lori, taratibu, kamba zikilia. Spring za lori zikazama upande mmoja.

Breki akarudi akiwa na kibali chake mkononi na sura ya kuchanganyikiwa. Akasema kibandani hakuna mtu, na ile si taa, ni kuvu fulani linalong’aa kwenye mbao zilizooza. Kamba nayo alipoishika akakuta ni mmea mtambaazi tu. Akauondoa barabarani kwa mguu. Hakutania tena.

Tulipokiacha kibanda nyuma tukaanza kusikia mazungumzo kutoka juu ya magunia. Mboni akisema kitu, akinyamaza, akisema tena. Akicheka.

“Anaongea na nani huyo?” Breki akauliza.

“Simu.”

Breki akatazama simu yake iliyokuwa mbele ya usukani. Huku hakuna mtandao, akasema, na akaongeza mwendo.

Tulifika ghalani saa nne. Mama alikuwa amesubiri na tochi, amejifunga kanga mbili kwa ajili ya kifua chake. Mboni alishuka bila kumshika mtu mkono. Mama akammulika kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nikaona macho yale, yale niliyoyatamani maisha yangu yote, yakibadilika.

Shati lilikuwa jeupe.

Alikuwa amekaa saa tatu juu ya magunia arobaini ya mkaa, na hakuwa na doa. Viganja vyeupe. Kucha safi. Hata nyayo.

“Mwanangu,” mama akasema, “unaumwa?”

Mboni akatabasamu kwa upole, kama mtu anayetabasamia watoto wa jirani. Akasema hapana, asante. Asante! Kwa mama yake mzazi. Akapita katikati yetu akaingia ghalani, nyuma ya magunia, akakaa chini. Hajatoka mpaka leo.

Hajafungwa, mlango hatuufungi kwa ufunguo tena. Anakula kidogo sana. Anakunywa maji mengi mno. Tukimsalimia anaitika, tukimuuliza habari anasema nzuri. Hana hasira na mtu. Ukimshika mkono una joto kavu, la kutulia. Wiki ya kwanza mama aliingia kila saa kumwimbia, kumsihi, kumlilia. Wiki ya pili aliishia mlangoni. Wiki ya tatu akanipa ufunguo, na alipouweka mkononi mwangu alinitazama usoni, akanishika shavu, akasema sasa nina wewe tu.

Nilikuwa nimelipata nililolitaka. Niliposubiri furaha ije, haikuja. Nilisikia kicheko kutoka nyuma ya magunia.

Mkaa wa safari ile haukuuzika. Wateja waliurudisha, hauwaki, unavuja maji jikoni. Mwanamke mmoja alinirudishia kopo lake, akanionyesha tu kwa kidole. Kipande kimoja, cheusi, kigumu, kilikuwa kimechipua jani. Bichi. Dogo kama ukucha wa mtoto.

Nikapanda lori la Breki nikarudi kwa Bila Nyusi. Nilimwambia mdogo wangu anaumwa. Hakushangaa. Akaniuliza kama kuna aliyemtaja. Nikasema sijui. Akakaa juu ya kisiki chake akanisimulia kwamba kaka yake alitajwa, miaka mingi iliyopita, na mtu aliyekuwa na kijicho naye. Sikuuliza ni nani. Alikuwa akipapasa mahali ambapo nyusi zake zingekuwa, akasema watu hudhani ziliunguzwa na moto.

Nikamuuliza kama kaka yake alikufa.

“Angekufa ningemlilia nikamaliza,” akasema. “Yuko. Yuko vizuri kuliko sisi. Ila hana haja na sisi tena.”

Akaniambia pia kwamba mwenyewe huuliza mara mbili. Mara ya pili ni huruma yake, anampa mtu nafasi ya kujirudi. Kwa hiyo aliyemtaja mdogo wako, akasema, alimtaja mara mbili. Hakunitazama usoni aliposema hivyo. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

Nikauliza kama kuna mara ya tatu. Akasema hajawahi kusikia.

Tangu hapo, kila jioni nikishamaliza kuuza, nachukua kigoda nakaa mbele ya pazia la magunia. Harufu ikianza najua yule mwenyewe amefika. Hapiti mlangoni, sijui anapitia wapi. Nasikia sauti ile ya taratibu, na sauti ya mdogo wangu ikiijibu, na siwezi kupata neno hata moja, ila naelewa kwamba anasikilizwa. Kila anachosema kinangojwa. Hakuna aliyewahi kuningoja hivyo nimalize sentensi. Magunia mengi sasa yana majani, yametoboa mishono na kukijaza kidirisha, na ndani kuna kivuli cha kijani ambacho sijakiona popote, na baridi nzuri.

Mama huwaambia majirani kwamba nina moyo wa ajabu. Huwaambia dada mtu anakesha na mdogo wake, damu nzito kuliko maji. Ananiletea chai. Ananifunika mabega. Ananitazama kwa macho yale, kila jioni, na mimi natamani aondoke haraka nipate kusikiliza.

Maana nimejiandaa. Nikiulizwa safari hii nitasema wangu, kabla swali halijaisha. Mama anadhani nitamwokoa mwenzangu, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba sijui kwa nini achaguliwe yeye. Nimekaa hapa siku themanini na sita. Nimesoma. Nimevumilia. Kila kitu ni chake, hata hiki.

Jana jioni nilisogeza kigoda karibu zaidi, goti langu likagusa gunia. Mazungumzo yakakatika. Kwa mara ya kwanza tangu lori, nikaisikia ile sauti waziwazi, neno kwa neno, hatua moja tu kutoka nilipokaa.

“Nani yuko hapo nje?”

Nikafungua mdomo.

Lakini hakuwa akiniuliza mimi.

“Hakuna mtu,” mdogo wangu akajibu, na wakaendelea kuongea.